Moto Aliouzima Mama

Ijumaa usiku, mlimani

Ndoo nzima ya maji! Mhudumu alituwashia moto kwenye jiko la ukutani, akasema utatupasha joto hadi asubuhi. Natoka kuoga, nakuta Mama kaumwagia maji.

"Hatulali na moto ndani, mwanangu."

Kwetu Rasbura, pwani, sawa, nyumba za makuti zimeteketea tukiona. Lakini hii ya hapa hifadhini ni ya mawe, ya tangu enzi za Mjerumani! Nilinuna. Baridi ya Kilimanjaro haina utani.

Nimemleta kwa ajili ya macho yake. Daktari kasema nuru inaondoka, na tangu utotoni alitamani kuuona mlima huu. Leo kutwa tumeona ukungu tu, na kesho tunarudi. Naogopa kwamba…

Basi tukajifunika blanketi moja. Moto umekufa, taa tumezima, kioo cha dirisha kikaacha kuturudishia sura zetu.

"Kile cheupe kule juu ni nini?"

Nikageuka. Mbalamwezi, na kilele kizima, kimejaa dirishani. Subhanallah.

"Theluji, Mama."

Mimi mwenye macho mazima nilikuwa naangalia majivu.