Flash Isiyo na Neno la Siri

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu za hapa nyumbani. Mama yako ni mzima, ila kiuno kinamkumbusha umri kila akiinama. Mimi pia sijambo, ukiondoa masikio, ambayo baruti ya machimboni iliyaua kitambo. Ndiyo maana nakuandikia. Ukinipigia simu nasikia nyuki tu, na midomo ya kusoma siioni. Je, wewe? Na kile kikohozi? Na karakana yenu ya kompyuta?

Juzi waliniletea Kekee ofisini, taya linaning'inia. Unamkumbuka, yule mtoboa miamba aliyekuwa akikubeba mabegani ukiwa mdogo. Tangu ukuta wa mwamba uwafukie watu watatu mwezi wa kwanza, wachimbaji wamekataa kuingia chini yake, maana una ufa mwingine unaomeza mkono mzima. Mwenye machimbo hakubishana nao. Aliwatuma walinzi, na mkuu wao, yule tunayemwita Kisiki, akaanza kuwaswaga watu kwa vipini vya sululu kama ng'ombe. Kekee akamwuliza, "Kwani wewe unaingia nasi?" Kipini kikamjibu mdomoni. Meno manne aliyatema kiganjani, akanionyesha.

Chama cha wachimbaji kimenipa kazi: niandike maelezo ya kila aliyepigwa, na mwanasheria ayafikishe mahakamani tarehe 20 Mei. Nimefika la tisa. Lakini kompyuta ya chama, mwanangu, ni kobe mwenye mimba. Nabonyeza herufi, naenda kunywa maji, nikirudi ndiyo kwanza inatokea. Mtu anasimulia alivyovunjwa mbavu, anafika mwisho, mimi bado niko kwenye jina lake. Inabidi aanze tena, na kuanza tena kunamtonesha. Nifanyeje?

Baba yako

11 Machi

Shikamoo Baba,

Kikohozi kimepona. Habari ya Kekee sikuimaliza kwa mkupuo mmoja, niliikunja nikatoka nje kwanza. Mpe pole zangu.

Mashine yako naijua. Ina RAM ndogo, na za aina hiyo hazipatikani tena. RAM ni kama meza yako ya kazi: ikijaa, kila karatasi unaifuata kabatini. Ndiyo maana inakokota. Ndani ya bahasha hii kuna flash. Itakuwa kijimeza cha pembeni. Ichomeke, bofya jina lake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia Properties, tafuta ukurasa ulioandikwa ReadyBoost, kisha uiruhusu mashine kuitumia. Usihifadhi maelezo ya watu humo. Yaache palepale yalipo, ndani ya kompyuta. Flash ni ya kuongeza kasi tu, na hata ikichomoka hupotezi kitu, kobe anarudi kuwa kobe.

Na Baba, uwe unafunga mlango.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Tu wazima, tunashukuru. Mama yako anasema hujasema kama unakula.

Flash imekataa. Mashine imeniandikia kwamba kifaa hiki hakina sifa zinazotakiwa. Nikaiambia, hata mimi sina na bado nafanya kazi. Haikucheka.

Leo nimeandika la kumi na sita. Ni la yule mama mponda kokoto. Alikataa kuhama kwenye rundo lake, wakamlaza, mmoja akamkanyaga vidole kwa buti, kimoja kimoja, kama mtu anayezima vipande vya sigara. Alinisimulia huku ameficha mikono chini ya kanga. Kompyuta ikaganda pale pale penye buti. Tukakaa wawili tukiitazama.

Alipoondoka, Kisiki alikuja akaegemea mlango wangu. Alisema taratibu, nikamsoma midomo: "Karani, wewe ni mzee wa vidole. Vitunze."

Baba yako

26 Machi

Shikamoo Baba,

Nakula. Mwambie Mama nakula.

Kuna mambo matatu. Kwanza, usichomeke mbele, matundu ya mbele ya mashine ile ni ya kizamani na yanapitisha kidogo kidogo. Chomeka nyuma. Pili, flash ile nimegundua ni bandia, imeandikwa kasi isiyo nayo. Nimekutumia nyingine, nimeipima mwenyewe na kuifuta upya. Tatu, ikikataa tena, kuna huduma ndani ya Windows iitwayo SysMain, huenda mtu aliizima. Nimekuchorea hatua zake kwenye karatasi ya pili. Iwashe, uzime kompyuta, uiwashe tena.

Huyo Kisiki amenikosesha usingizi. Chapisha kila unachomaliza, umpelekee mwanasheria. Kisha nendeni kwa shangazi hadi siku ya kesi. Nakuomba, Baba.

Mwanao

5 Aprili

Mwanangu, fundi wangu,

Imekubali! Kosa lilikuwa la tatu, ile huduma ilikuwa imezimwa. Flash sasa inakonyeza taa yake nyuma ya mashine kama mchumba. Naandika mtu akisema, akinyamaza nami nimemaliza. Kekee hakai nyumbani, kila siku yuko hapa, taya limefungwa kwa waya, anawaita watu kwa ishara na kuwapanga foleni. Tumefika thelathini na saba.

Kwa shangazi yako siendi. Nikiondoka nani ataandika? Kuchapisha nitachapisha, wino umekwisha, tumeagiza.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako

22 Aprili

Shikamoo Baba,

Wiki mbili na ushei sina barua. Jana Mama alinipigia, analia, anasema umeanguka ngazini. Baba, ofisi yenu haina ngazi. Nyumba yetu haina ngazi.

Niandikie.

Mwanao

27 Aprili

Mwanangu,

Samahani kwa mwandiko huu wa kuku, natumia mkono wa kushoto. Mama yako usimlaumu, mimi ndiye niliyemfundisha ule uongo, nao haukuwa mzuri.

Walikuja Alhamisi saa nne asubuhi, jua limewaka, watu wanapita barabarani. Kisiki na wenzake watatu. Walianza na kabati, wakalipindua. Wakaitoa droo ya meza, mmoja akanipiga nayo mgongoni mpaka ikabaki ubao mikononi mwake. Kisiki akauliza maelezo yako wapi. Akaniwekea mkono wa kulia kwenye fremu ya mlango, akaufunga mlango kwa mguu. Mwanangu, masikio yangu hayasikii, lakini ule mlio niliusikia, ulipitia ndani ya mifupa. Akaufunga tena.

Kisha akainua nyundo juu ya kompyuta. Watu thelathini na saba walikuwa mle ndani, na wino bado haujaja. Macho yangu yakaona ile taa ya nyuma inakonyeza. Nikapiga kelele: "Yamo kwenye flash! Yote yamo humo. Chukueni, mniachie mashine ya watu!"

Akaichomoa. Aliitazama, akacheka, akanitemea mate, wakaondoka. Mashine nzima, haina hata mkwaruzo. Siku iliyofuata mwanasheria alikuja na mtambo wake, tukachapisha yote thelathini na saba, akaondoka nayo. Vidole vitatu daktari anasema havitakunjika tena. Lakini nimewapiga chenga, mwanangu. Wamebeba kijimeza kitupu!

Usije. Barabara ya kuingia ina kizuizi chao, na sura yako ni yangu tupu.

Baba yako

30 Aprili

Baba,

Salamu baadaye. Kuna jambo sikukuambia, kwa sababu sikudhani lingehitajika. Flash ile si tupu machoni pao. Mashine huweka humo faili moja kubwa, imelifunga kwa ufunguo inaojitengenezea yenyewe. Kwenye kompyuta nyingine halifunguki, na hakuna binadamu anayejua ufunguo huo, hata mimi. Wao watadhani ni maelezo yaliyofungwa kwa neno la siri. Watamtafuta mtu wa kuwatajia, wewe au yeyote aliyeshinda nawe ofisini.

Nilipoifungua barua yako tu nilimpigia Mama. Nikamwambia akimbie kwa Kekee, amwambie aondoke saa hiyo hiyo. Mama akanijibu kwamba Kekee hajaonekana tangu juzi.

Baba, tafadhali.

Mwanao

9 Mei

Mwanangu,

Tumemzika jana.

Walimkuta chini ya mtambo wa kusaga kokoto. Mkewe alimtambua kwa ule waya wa taya. Sitakuandikia zaidi kuhusu mwili.

Mlinzi mmoja kati ya wale watatu waliokuja na Kisiki amekimbia kazi. Alikuja kwangu mchana kweupe, akakaa kwenye kiti cha wapigwaji, akasema andika. Nimemwandika, yeye ndiye wa thelathini na nane. Anasema walimwuliza Kekee neno la siri. Akasema hajui. Wakaukata waya wa taya kwa koleo ili aseme vizuri. Akaanza kutaja chochote: jina la mkewe, kisha la kila mtoto, kisha la mama yake. Karani wao akayajaribu, na faili halikuwa hata na mahali pa kuandika neno. Kisiki akadhani wanafanyiwa mzaha.

Mimi ndiye niliyesema yamo humo. Niliokoa mashine. Usiniandikie kunifariji.

Baba yako

13 Mei

Shikamoo Baba,

Sikufariji. Flash niliituma mimi, na lile la ufunguo nililijua nikalikalia kimya. Tumelibeba wawili. Lakini kipini hatukukishika sisi, wala koleo.

Mahakamani lazima utaulizwa walipataje kuamini kwamba maelezo yamo kwenye flash. Mke wa Kekee asilisikie hapo kwa mara ya kwanza, mbele ya watu. Nenda kwake, Baba. Umwambie wewe, kwa mdomo wako.

Mwanao

22 Mei

Mwanangu,

Tumshukuru Mungu, tumeamka. Mkono umefunguliwa plasta. Mama yako amekwenda kwa mke wa Kekee, siku hizi hulala huko.

Kesi ilisikilizwa. Maelezo yalisomwa yote, kuanzia saa tatu hadi alasiri, na hakimu hakumkatiza mtu. Machimbo yamefungwa mpaka ule ukuta ukaguliwe. Kisiki yuko rumande kwa kuua. Alipopitishwa mbele yangu alinitazama vidole. Nikavinyanyua avione vizuri.

Ila nataka kukuambia la siku tatu kabla ya hapo. Nilifanya ulivyosema. Sikwenda mimi, mke wa Kekee ndiye aliyekuja ofisini kuniuliza kama nimeshaandika kifo cha mumewe. Nikasimama. Nikamwambia yote: nyundo, taa, nilivyopiga kelele, nilivyokuandikia nikijisifu. Sikupunguza.

Akanipiga kofi. Akanipiga la pili, na hilo lilinitoa damu puani. Mlangoni watu wakataka kuingia, nikawazuia kwa mkono.

Akabaki amesimama anahema, anautazama mkono wake. Kisha akavuta kiti, akaketi, akajifunga kanga vizuri.

"Andika," akasema.

Nikamwambia mashine imerudi kuwa nzito, na mimi nina vidole viwili tu vya kulia, itachukua siku nzima.

"Sijakuuliza muda," akasema. "Andika."

Baba yako