Kasuku Niliyekwambia Hajambo

Mwanangu Rahma,

Kwanza kaa kitako. Nilichokuwa nikikwambia kwenye simu kila asubuhi kwa miezi mitano, ya kwamba kasuku wako hajambo, ni uongo. Maringo kifuani hakubakisha unyoya hata mmoja. Kajinyonyoa kwa mdomo wake mwenyewe, mpaka ngozi inaonekana kama ya kuku aliyetoka kwenye maji ya moto. Barua hii naiandika wazi, asomaye asome, maana mtaa mzima wa Malindi unajua isipokuwa wewe.

Usinipigie simu kwa hasira kabla hujamaliza kusoma.

Unaikumbuka Ijumaa ya uani kwetu? Wanawake wa mtaani wanakuja na kuku wao, "Hodi, Mzee Faki, tuchinjie," waume zao wako kazini na wao hawachinji, nami nakunja mikono ya kanzu nanoa kisu. Wewe kabla ya yote unakwenda kwenye tundu la Maringo, unalifunika kwa kanga yako ile ya zambarau. "Baba, ngoja nimsitiri kwanza. Asione." Nilikuwa nikikucheka. "Ndege huyo, atajua nini?" Nawe ukinijibu, "Na wewe hujui anachojua." Tangu mamaako atangulie, ukiwa na miaka tisa, wewe ndiwe uliyekuwa ukinitia adabu humu ndani, na mie ni mbishi wa kuzaliwa.

Basi ukaolewa, ukenda zako Maskati. Ijumaa ya kwanza Bi Zuwena wa nyumba ya pili akaja na majogoo wawili. Nikachinja, sikukumbuka kufunika. Ijumaa ya pili sikukumbuka tena. Ya tatu niliinua macho, kisu mkononi, nikamwona Maringo kajikunyata pembeni mwa tundu, ananitazama kwa jicho moja. Wiki ile ile akaanza kujinyonyoa.

Hapo ndipo akili iliponivurugika, na mpaka leo haijakaa sawa. Bi Zuwena anasema ni upweke, kasuku akiondokewa na aliyemlea hujinyonyoa, huna kosa mzee wangu. Haya, kama ni upweke, mbona akiiona mikono yangu hupiga ukelele watu wakasimama njiani? Na kama ni hofu ya kisu, mbona kila alasiri hugeuza kichwa kuzitazama ngazi ulizokuwa ukishukia? Sijui analia kwa ajili yako au kwa ajili yangu. Nimekaa uani nikamuuliza, ndege, kwa sauti kubwa. Hebu niambie, mie mzima?

Nilimjaribu kwa karanga, nikamjaribu kwa papai, nikampa na zile pilipili alizokuwa akizila mkononi mwako. Akanidona kidole, damu ikatoka. Na kucha zinarefuka, zinakwama kwenye waya. Ndipo nilipofungua sanduku lako, nikatoa kanga ya zambarau nikajitanda, mzee wa miaka sitini na nane na ndevu zangu, nikamwendea polepole huku namwita kwa sauti nyembamba. Wallahi akanyamaza. Akainamisha kichwa nimkune nyuma ya shingo, pale pale pako. Kumbe Bi Zuwena anachungulia mlangoni. "Khaa! Samahani bibi, Mzee Faki yupo?"

Nikamwambia katoka.

Tangu siku hiyo sichinji. Nikisikia hodi nasema mkono unaniuma. Asubuhi nampulizia Maringo maji ya vuguvugu, yeye anatanua mbawa, kisha namsugua kucha kwa tupa ndogo, moja moja. Na kuku nao, wale watatu niliowanunua Mkokotoni kwa ajili ya mchuzi, nshawazoea. Miguu yao ilikuwa imejaa magamba, nawapaka mafuta ya nazi. Nawatia majivu chini ya mbawa kwa sababu ya utitiri. Yule kishingo, asiye na manyoya shingoni, nikimaliza kumhudumia hataki kushuka pajani. Mchinjaji wa mtaa mzima leo anapakata kuku.

Juzi ukapiga simu kama kawaida yako. "Shikamoo baba. Maringo hajambo?" Nikajibu nilivyozoea, tukaagana. Nyuma yangu nikasikia, "Hajambo kabisa!" Sauti yangu mie, maneno yangu mie. Ndege huyu hakuwa ametamka neno tangu uondoke. Nageuka namwona kasimama kwenye kijiti chake, kifua wazi, anaurudia uongo wangu: "Hajambo, hajambo kabisa!" Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikalia, na sijui kilichonichekesha na kilichoniliza ni kitu kimoja au viwili. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Sasa manyoya madogo ya kijivu yameanza kumuota, alhamdulillahi. Na wewe unakuja Idi na mumeo. Mkwe akija kwako mara ya kwanza humchinjia kuku, hilo silibishi, nimelishika maisha yangu yote. Lakini kuku waliopo ni hawa, na mkono ni huu. Nikasema nitanunua samaki, nikaona aibu. Nikasema nimpe Bi Zuwena yule kishingo akachinjishe kwengine, nikaona huo ni woga tu, damu ni ile ile. Nishauri, mwanangu, miye nshashindwa.

Na kuna zito kuliko hilo. Ukiingia tu utamwita Maringo. Akikurukia wewe, nitajua kwamba miezi yote hii alikuwa akinivumilia tu mpaka mwenyewe urudi. Akikupita akaja begani kwangu, nitakuwa nimekunyang'anya kiumbe pekee aliyekuwa akizitazama ngazi zile kukungojea. Nikimaliza kusali nainua mikono niombe, halafu nasita, maana sijui niombe lipi. Nafurahi ananipenda, kisha naona haya kufurahi.

Siku ya kufika kwenu nitaifua kanga yako niirudishe sandukuni, mumeo asije akanikuta nimejitanda. Lakini uongo umenichosha, basi pokea na hili la mwisho. Mwezi mzima sasa Maringo hana haja ya kanga, anapanda kwenye mkono wangu mtupu bila ya kelele. Mie bado kila asubuhi najitanda.

Mungu akulete salama.

Ni mie babaako, mwenye kisu kilichoshika kutu