Kompyuta Mbili Zinazoitwa Peresia

Kezia wee! Unamjua Elkana, bwana ya Risper, yule anajiita injinia?

Leo Risper alikuwa anatafuta mitihani ya wanafunzi wake iliyo kwa kompyuta ya sebuleni. Akiita hiyo kompyuta kwa mtandao kutoka kwa laptop yake, laptop inajiitikia yenyewe! Akamwita Elkana asubuhi yote asaidie. Wapi!

Elkana kutokea, anamfokea mbele ya wageni wao: "Umeharibu wifi! Wewe gusa sufuria."

SUFURIA, Kezia. Mwalimu mzima!

Risper akachunguza mwenyewe. Kumbe injinia alizipa zote mbili jina la marehemu nyanyake, Peresia. Zote mbili!

Kuulizwa, Elkana eti "Kwetu Kendu Bay tuna wajukuu watatu wa jina hilo na hakuna anayepotea."

Risper akabadilisha jina la ile ya sebuleni, ikawa Elkana.

Angalau sasa kuna Elkana mmoja hapo kwao anayeitika akiitwa.