Jua la Mama Mukwe

Jumatatu, 9 Juni
Nimemuosha mama mukwe, nimebadilisha shuka, nimemupa uji. Ameacha nusu. Kansa ya ziwa imefika mu mifupa. Hatapona, tunajua. Leo docteur ameleta jibu la damu: vitamini D karibu hakuna. Mwaka muzima analala mu chumba cha nyuma. "Haitaondoa kansa," amesema. "Lakini mifupa inaweza kupunguza kuuma, na miguu ipate nguvu." Ameandika ampule za kunywa, vichupa vya vitamini hiyo. Na jua, kila asubui.

Jumatano, 11 Juni
Jua kali. Sikumutoa. Ampule ziko mu kabati, hazijafunguliwa.
Mimba yangu ya pili ilipotoka, huyu mama alinifungia mu jikoni siku tatu. Alimwambia bwana wangu atafute mwanamuke mwenye tumbo la kuzaa. Sijasahau.
Anaita. Aite.

Jumamosi, 14 Juni
Bahati, bwana wangu, amerudi toka Kamanyola, kule anafanya kazi. Kabla afike, nilimubeba mama yake mpaka uwanjani, nikamukalisha ku kiti. Alifunga macho, akainua uso.
Bahati akauliza: "Maman, wanakutoaka kila siku?"
Mama yake akajibu:
"Kila siku. Bibi yako huyu ananichunga muzuri."
Namuchukia zaidi.

Jumanne, 17 Juni
Nilimuuliza kwa nini alidanganya. Aliangalia ukuta.
"Nilikufungiaka. Sasa unanifunga. Nitamwambia nini mutoto wangu?"
Hakuomba musamaha. Mimi pia sikuomba. Nikatoka, nikafunga mulango.

Alhamisi, 26 Juni
Nilikuwa sokoni. Nimemukuta chini, karibu ya mulango, paja limevunjika. Alitaka kutoka peke yake. Hakulia. Mimi ndiye nililia, kwa hasira ao kwa woga, sijui.
Docteur: mufupa ulikuwa umeoza. "Ampule alikunywa?"
Nimesema ndiyo.

Jumapili, 29 Juni
Nimefungua ampule ya kwanza. Nimeitia mu kijiko, nimemuinua kichwa. Ameitema ku kifua changu.
"Umechelewa, binti."
Mara ya kwanza kuniita binti.

Jumatano, 9 Julai
Tulimuzika jana. Bahati alisimama mbele ya watu, akasema mimi, bibi yake, nilimubeba mama ku jua kila asubui mpaka mwisho. Wamama walinikumbatia, mumoja mumoja.
Leo wifi yangu ameleta kitenge cha marehemu, kile kipya, hakukivaa hata siku moja. "Ni chako. Umekitumikia."
Nimekipokea kwa mikono miwili.