Neno Ambalo Baba Hakulisema

Likasi, Jumapili mchana

Mudogo wangu Julie,

Nakusalimu sana, wewe na wote wa nyumbani kwako huko Kolwezi. Miguu inaendeleaje? Mke wangu Delphine aliniambia ilikuwa imevimba tena ulipotoka hapa baada ya Pasaka. Sisi huku hatujambo kabisa. Mahindi tumeshavuna, mengi kuliko mwaka jana, na yeye bado anauza samaki wa ziwa Tshangalele pale sokoni kwa kelele ileile unayoijua. Kwa kweli nina furaha siku hizi, na ndiyo iliyonipa nguvu ya kukuandikia.

Siku hizi, baada ya misa, tunabaki ukumbini pa parokia kusoma hadithi. Aliyeanzisha ni Stéphanie, mwalimu wa sekondari. Tuko watu kumi hivi, wafanyakazi wa kiwanda na mama wa soko, na mwanzoni tulidhani anatufanya watoto. Leo alituletea hadithi ya zamani ambayo wanafunzi wake huisoma kila mwaka. Mama mmoja, kabla ya kufa, anawakataza watoto wake watatu kulima kiwanja cha nyuma ya nyumba. Miaka inapita. Wanakwenda kulima mbali, wanachoka, wanagombana, mmoja anahama, na kiwanja kinabaki majani matupu. Mwishoni jirani anawauliza kwa mshangao mbona hawakilimi: mama yao aliwakataza mwaka ule mmoja tu, kwa sababu ya mchwa.

Damas, ninayefanya naye kazi karakanani, alikasirika. Alisema neno la marehemu halichezewi, na watoto wale walifanya vizuri. Stéphanie akamuuliza walikuwa wakimtii nani hasa, mama yao au woga wao. Tukabishana mpaka mama Germaine, mjane ambaye huwa hafungui kinywa, akasema: “Bafu habasemake kitu. Ni siye bazima njo tunasema pa fasi yabo.” Watu wakacheka, Damas wa kwanza. Stéphanie akarudia polepole kwamba ni kweli, wafu hawasemi kitu, sisi wazima ndio tunaowasemea.

Mimi sikucheka. Njiani Delphine akaniuliza nina nini, nikamweleza jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Akasimama katikati ya barabara. “Andikia mudogo yako leo,” akasema. “Ukingoja, weye utakufa na ile siri.”

Julie, unakumbuka baba alipofariki. Ulikuwa na miaka kumi na sita, uko shuleni, na mimi peke yangu nilikuwa chumbani naye. Siku ya tatu ya matanga, baba mukubwa Banza alisema atakuchukua kwake Bukama, kwa sababu kuna mfanyabiashara anayetafuta mke. Wazee wote wakakubali. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nani angenisikiliza? Nikasimama nikasema baba aliniachia neno: Julie asomee kazi ya kutunza wagonjwa, wala asiiache kwa ajili ya mtu yeyote. Hilo la mwisho niliongeza ili baba mukubwa asije kukutoa baadaye. Akarudi Bukama peke yake. Wiki iliyofuata ukarudi shuleni.

Baba hakusema hayo. Mchana ule aliniuliza tu kama nimefunga mlango wa jikoni, maana mbuzi wa jirani walikuwa wanaingia. Nikamjibu nimefunga. Akageukia ukutani akalala, na hakuamka. Maneno mengine yote ni yangu.

Sikuwahi kuyajutia mpaka Pasaka hii. Ulimwambia Delphine kwamba baada ya miaka ishirini ya wodi umechoka, kwamba siku zako za mapumziko unaoka mikate na moyo unatulia, kwamba rafiki yako amekukaribisha uache wodi muoke pamoja katika tanuru lake, nawe ukakataa kwa sababu ya neno la baba. Delphine alinisimulia yote. Nimekupigia simu mara mbili nikuambie, nikaishia kuulizia mvua.

Najua ninakunyang'anya kitu. Miaka yote hii umeamini kwamba baba alikufa akikuwaza. Sijui alikuwa akiwaza nini. Lakini nilichokiona kwa macho yangu nakupa: akitoka machimboni Kakontwe, kila siku alikaa kando ya barabara saa ya nyinyi kutoka shule, akijifanya anatengeneza baiskeli. Baiskeli ile haikuwa na ubovu wowote, Julie. Ulipotokea tu, aliipanda mkaja nyumbani.

Ukiipenda kazi yako, baki nayo. Ukitaka tanuru, nenda kwenye tanuru. Ukitaka kunikasirikia, ni haki yako, nami nitavumilia. Ila usiseme tena kwamba baba amekukataza.

Barua hii utaletewa na Dodo, mtoto wa dada ya Delphine, anayeendesha lori la kwenda huko. Mpe maji ya kunywa, na jibu ukiwa tayari, hata kama ni matusi. Delphine anakukumbatia. Anasema ukioka, utume mikate Likasi: mkono mmoja atauza samaki, mkono mwingine mikate, na soko zima litamsikia.

Mungu akulinde, mudogo wangu.

Ni mimi yaya, kaka yako mkubwa,
Augustin