Mate ya Kipusa

Baba Zuhura,

Mbwa wako Kipusa amekufa leo mchana, na aliyemuua ni mdogo wako Shabani. Naanza na hilo kabisa, usije ukasema mke wangu kanizungusha. Hujambo sikuulizi. Uko kaburini, utakuwaje?

Umewahi kufa, mume wangu, hukuona vituko. Arobaini yako haijafika, Shabani kashakalia kiti chako pale uani, anapokea mbwa wa wateja utadhani kazi ya kuogesha mbwa kaianzisha yeye. Yule yule aliyekuwa hali chakula kwetu! Akija anasimama mlangoni, kanzu kaikunja: "Kaka, mtoto wa Kiislamu unaosha mbwa, huoni aibu?" Sasa ruksa ya biashara imekuja, kila mwenye duka Kariakoo kanunua televisheni na mbwa wa kuilinda, na aibu ya Shabani imeyeyuka.

Wewe hukuwa na maneno. Ulikuwa na ndoo yako ya udongo pale mlangoni. Ukimaliza kazi unaosha palipoguswa na mate, mara saba, moja kwa udongo, ndipo unaingia ndani kunisalimia. Mimi nakucheka, "Baba Zuhura, ngozi itabanduka!" Nawe unajibu, "Dini imeniambia nioshe mate. Haikuniambia nimtese mwenye mate."

Na jua la Dar ulilijua. Mbwa uliwaogesha asubuhi na mapema. Jua likipanda, wote chini ya mwarobaini, matumbo juu ya magunia uliyoyalowesha. Na mdomo hukumfunga hata mmoja, hata yule mkali wa Mama Hansa, Mhindi wa duka la vitenge. "Mbwa hatoki jasho kama sisi," ulikuwa unaniambia. "Joto lake linatokea mdomoni. Ukimfunga, umemfungia moto ndani."

Shabani kaukata mwarobaini. Kamwaga simenti ua mzima, juu kaezeka mabati, apate pa kuweka marobota yake ya mitumba, na mbwa wakae humo humo katikati. Ndoo ya udongo kaitupa, eti inachafua sakafu. Na kwa kuwa mate hataki yamguse, maana kuosha mara saba ni kazi na yeye ni mvivu tangu tumboni, kila mbwa akiingia anafungwa mdomo kwa kitambaa cha mtumba. Nilimkanya. Akasema niwaachie wanaume mambo yao.

Mimi niko eda, chumbani, dirisha linatazama uani. Mama yako katandika mkeka mlangoni kama askari magereza. Leo mchana nikamsikia Kipusa. Hakuwa anabweka. Alikuwa anakoroma kwa puani, kama mtu anayezama. Nikapiga kelele dirishani, "Shabani, mfungue mdomo! Atakufa!" Akanijibu huku anapanga masuruali yake, "Shemeji, mjane hapayuki dirishani. Watu watasemaje?"

Nikamruka mama yako. Kweli nilimruka, mguu huku, mguu kule. Nikatoka peku, simenti inaunguza.

Mbwa wa Mama Hansa nilimfungua kwanza kwa kuwa alikuwa karibu na mlango. Huyo kapona, anakunywa maji. Kipusa alikuwa kule mwisho, nyuma ya marobota. Nilipomfikia ulimi ulishakuwa wa zambarau. Nikammwagia maji tumboni na miguuni kama ulivyonionyesha. Akanilamba mkono wa kulia, mara moja. Akafa. Na yale maji, Baba Zuhura, yalivyotiririka kwenye ile sakafu yakawa ya moto.

Unajua mama yako alisema nini? "Umejinajisi na eda yako, mwanamke. Kaoge." Na Shabani: "Mbwa tu huyo, shemeji. Mbona mbwa wamejaa mjini?"

Mbwa tu! Siku uliyoanguka hapo uani na ndoo mkononi, nani alibweka mpaka majirani wakaja? Shabani alikuja siku ya pilau.

Basi nikamfuata, mkono bado mbichi kwa mate. Nikampaka shavu hili, nikampaka na hili, nikashuka kwenye ndevu, nikamalizia kifuani mwa kanzu. "Haya shemeji, mara saba, na moja udongo." Akatafuta ndoo, haipo. Akatafuta udongo. Simenti, mume wangu! Kila pembe simenti, yake mwenyewe. Akatoka mbio mpaka barabara ya Msimbazi, mikono kaitanua, anawauliza makuli udongo uko wapi. Makuli wa Kariakoo unawajua. Mmoja akamjibu, "Udongo wa bure uko kaburini, bosi." Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikashindwa kunyamaza, maana hakikuwa kicheko tena.

Kipusa wamempakia kwenye toroli, wamekwenda kumtupa bondeni pamoja na maganda ya machungwa. Hata nafasi ya kumzika hawakunipa. Kesho ukoo unakaa kunijadili, mjane aliyevunja eda kwa ajili ya mbwa. Wakae. Mama Hansa keshasema mbwa wake hamkabidhi mwingine ila mimi.

Eda ikiisha nitashika sururu mwenyewe, niivunje ile sakafu mpaka nione udongo. Nitapanda mwarobaini mwingine. Katika ua wako hafungwi mdomo mbwa yeyote nikiwa hai, nakuahidi, na mama yako akilala mlangoni nitamruka tena.

Mungu akupe ubaridi huko uliko. Binti yetu Zuhura kaniletea udongo kwenye kikombe, kaukwangua kwenye mizizi ya mwarobaini wako, iliyong'olewa ikatupwa bondeni. Uko hapa pembeni. Nitaosha kabla ya magharibi, mara saba, kama ulivyonifundisha. Lakini mkono huu ninaokuandikia bado una mate yake. Niache nao kidogo tu.

Mkeo,
Mama Zuhura