Ngumi Mbele ya Lifti

Mizuho. Nimefutiwa pointi. Tena.

Mzee Kuwabara alikuwa ameshakubali! Miaka miwili namfuata na chai yetu, leo kasema mbele ya bosi, "Haya, hoteli zangu zote zitanywa chai yenu."

Tukamsindikiza hadi kwenye lifti, tukainama. Si unajua, huinuki mpaka mlango ujifunge.

Mimi nikainuka. Mlango umebakiza upenyo wa kiganja, nikakunja ngumi. "Tumempata!"

Yaani nilisema kwa sauti.

Mlango ukafunguka tena.

Hata hakukasirika. Kaniuliza tu, "Binti, umewahi kucheza kendo?"

Nikasema ndiyo, sekondari.

"Basi unajua anayeshangilia kabla hajatulia hufanywa nini."

Najua. Ulikuwepo kwenye fainali ile ya kendo, narukaruka na upanga wangu wa mianzi huku marefa wanapunga bendera kufuta pointi yangu kwa kushangilia.

"Na mimi nafuta neno langu," akasema, akabonyeza kitufe. Nikainama tena.

Tumempata. Nilisema tumempata.

Lifti ilishafika chini zamani. Bosi karudi ofisini. Mimi bado nimeinama hapa mlangoni, Mizuho, nakuandikia kwenye simu hivi hivi.